Eugène Schueller: mkemia aliyetupikia rangi ya nywele, na yaliyofichwa chini ya rangi



Ukipita kwenye maduka ya vipodozi, iwe Kariakoo au River Road, utakuta pakiti za rangi ya nywele zimepangwa kuanzia chini mpaka juu. Kuna nyeusi ya kuficha mvi, kuna kahawia, kuna nyekundu ya mvinyo, mpaka ile ya dhahabu. Mtu ananunua, anaenda zake nyumbani, anakoroga kwenye kibakuli, rafiki yake anampaka, na baada ya nusu saa hivi ametoka mtu mpya. Rahisi kama kukoroga uji. Lakini ni wangapi kati yetu tunamjua aliyeifanya kazi hii ikawa biashara ya dunia nzima?

Leo nawaletea maisha ya Mfaransa mmoja, marehemu wa siku nyingi, anaitwa Eugène Schueller. Kama jina halikwambii kitu, kampuni yake utaijua tu: L'Oréal. Wengi wanaisimulia stori yake kama stori ya kijana aliyetoka chini akatajirika. Ni kweli kabisa. Ila kuna sehemu mbili ambazo huwa zinarukwa. Moja imo ndani ya kopo la rangi, nyingine imo ndani ya maisha yake. Mimi naona ukiziruka hizo, bado hujamjua mtu huyu.

MTOTO WA MWOKA MIKATE

Schueller alizaliwa jijini Paris tarehe 20 Machi 1881. Wazazi wake walikuwa na duka la mikate na keki, na asili yao ilikuwa Alsace, lile jimbo ambalo Wajerumani waliwanyang'anya Wafaransa baada ya vita ya 1870 na 1871. Walikuwa watu wa kawaida, wa kuamka alfajiri na kukanda unga.

Halafu yakawakuta. Kampuni ya Kifaransa iliyokuwa inachimba Mfereji wa Panama ilifilisika mwaka 1889. Wafaransa kibao waliokuwa wameweka akiba zao humo walilia, na familia ya Schueller ilikuwamo. Kwa hiyo kijana alikua akiwa ameona kwa macho yake jinsi hela ya miaka mingi inavyoweza kuyeyuka. Nadhani hilo lilimkaa rohoni, maana maisha yake yote hakuacha kuwaza habari ya hela, mishahara na uchumi. Tutalirudia baadaye.

Shuleni alikuwa mkali, hasa kwenye kemia. Alisoma kwenye chuo cha kemia cha Paris na akamaliza mwaka 1904. Akapata kazi ya usaidizi kwenye maabara ya Sorbonne, chuo kikuu chenye jina kubwa Ufaransa nzima. Mtu mwingine angesema hapa nimefika, nikae nizeeke. Yeye akaona maisha yale yamepoa mno. Akaondoka, akajiunga na Pharmacie Centrale de France, kampuni kubwa iliyokuwa inatengeneza dawa na kemikali.

MTU WA SALUNI ANABISHA HODI

Akiwa huko, alitokea mwenye saluni mmoja wa Paris akitafuta mkemia wa kumsaidia kutengeneza rangi ya nywele ya kuaminika. Hapa inabidi mjue hali ilivyokuwa wakati ule, ndio mtaelewa kwa nini jamaa alihangaika.

Mwanamke wa Paris aliyetaka kubadili rangi ya nywele mwaka 1905 hivi alikuwa na njia chache, na kila moja ina balaa lake. Ya kwanza ni hina, hii hii tunayoijua sisi. Haina tatizo kubwa, lakini inakupa wekundu tu, huwezi kuchagua. Ya pili ni rangi zenye madini kama risasi na fedha. Hizo zilikuwa zinafanya nywele zionekane kama za mdoli, na risasi yenyewe ni sumu. Ya tatu ni rangi mpya za kemikali zilizotokana na lami ya makaa ya mawe. Hizo zilikuwa zinashika vizuri, ila baadhi ya watu ziliwavimbisha kichwa na kuwatoa malengelenge.

Ndiyo maana kupaka rangi ilikuwa siri. Mwanamke wa heshima zake hakukubali kusema kwamba anapaka. Ilifanyika chumbani, mlango umefungwa.

Schueller akakubali ile kazi ya mwenye saluni, akawa anaifanya jioni baada ya kazi yake ya kawaida. Malipo yalikuwa faranga 50 kwa mwezi. Baadaye hawakuelewana wakaachana, lakini yeye alikuwa ameshanogewa. Aliona kitu ambacho wakemia wenzake wakubwa walikuwa wanakidharau: hapa kuna watu wengi sana wenye shida moja, na hakuna mtu msomi anayeishughulikia.

MAABARA YA KUPANGA

Aliacha kazi. Akiba yake yote ilikuwa faranga 800. Akapanga nyumba ndogo ya vyumba viwili, mtaa wa rue d'Alger katikati ya Paris, kodi faranga 400 kwa mwaka. Yaani pango peke yake lilikuwa nusu ya mtaji! Sehemu ya kulia chakula akaifanya ofisi ya kuwaonyesha wateja bidhaa. Kwingine ikawa maabara. Alilala kwenye kitanda cha kukunja. Usiku anapika rangi, mchana anazunguka kwenye masaluni kuuza, jioni anarudi kukoroga tena.

Mwaka 1907 akapata mchanganyiko alioukubali, akauita Auréale. Jina lilitokana na mtindo wa nywele uliokuwa unavuma wakati huo, na linakaribiana na neno la Kifaransa la ule mduara wa mwanga unaochorwa kichwani kwa watakatifu. Kutoka hapo ndipo lilipotoka L'Oréal.

Mwaka 1909 akapata mshirika, mhasibu mmoja aliyekuwa amerithi hela, akaweka faranga 25,000 kwenye biashara. Tarehe 30 Julai 1909 kampuni ikaandikishwa rasmi. Sasa sikilizeni jina lake: Société Française de Teintures Inoffensives pour Cheveux. Kwa Kiswahili ni Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizo na Madhara.

Naomba mlishike hilo jina. Zisizo na madhara. Hiyo ndiyo ahadi aliyoiuza. Hakuanza na uzuri, hakuanza na ujana. Alianza na usalama, kwa sababu alijua mwanamke wa Paris anaogopa nini.

MWANAMKE ANAKATA NYWELE

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Schueller alikwenda jeshini, akapigana na kurudi na nishani. Mkewe Betsy ndiye aliyebaki anasimamia biashara. Bahati njema aliporudi aliikuta bado ipo hai.

Na dunia aliyoikuta ilikuwa nyingine. Wanawake walikuwa wamefanya kazi viwandani wakati wa vita, na miaka ya 1920 wengi wakaanza kukata nywele fupi kama za wavulana. Saluni zikajaa. Nywele fupi zinahitaji kutengenezwa mara kwa mara, na mvi kwenye nywele fupi haijifichi. Kwa Schueller hiyo ilikuwa neema.

Hakuishia kuuza rangi tu. Aliwafuata wasusi na vinyozi wenyewe, akawa anahusika na gazeti lao, akatuma watu wa kuwaonyesha jinsi ya kutumia bidhaa zake. Mwaka 1928 alinunua kiwanda cha sabuni cha Monsavon. Mwaka 1934 akatoa Dop, shampuu ya bei ya chini kwa watu wa kawaida, wakati watu wengi Ufaransa walikuwa bado wanaosha nywele kwa sabuni ya mche, tena si mara nyingi. Miaka hiyo hiyo akatoa mafuta ya kujikinga na jua, Ambre Solaire, na mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipata haki ya likizo yenye malipo na kuanza kumiminika ufukweni. Matangazo yake yalikuwa yanaimbwa redioni. Jamaa alikuwa anajua soko, hilo hatumnyimi. Mwaka 1939 lile jina refu la kampuni likaachwa, ikabaki L'Oréal.

KILICHOMO NDANI YA KOPO

Sasa turudi kwenye rangi, maana hii inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1929 kampuni ilitoa rangi iliyoitwa Imédia, ya kundi ambalo wakemia wanaliita rangi za oksidesheni. Rangi nyingi za kudumu zinazouzwa leo, zenye chupa mbili ndani ya pakiti, ni ukoo huo huo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unywele umefunikwa na magamba madogo, kama ya samaki. Amonia au kitu kinachofanana nayo inayafungua magamba. Chupa moja ina chembe ndogo sana zisizo na rangi, ambazo zinapenya mpaka ndani ya unywele. Chupa ya pili ni haidrojeni peroksaidi. Vikikutana humo ndani, zile chembe zinaungana, zinakuwa kubwa, zinapata rangi, na sasa haziwezi kutoka tena. Ndiyo maana ukikoroga unaona krimu nyeupe inageuka nyeusi taratibu, na ndiyo maana rangi hii haitoki kwa kuosha.

Mojawapo ya chembe hizo inaitwa parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Iligunduliwa mwaka 1863, kabla Schueller hajazaliwa. Ni nzuri ajabu kwa kutoa weusi. Ila pia ni mojawapo ya kemikali zinazojulikana sana kwa kuleta mzio. Wengi hawapati shida yoyote. Wachache wanavimba uso mpaka macho yanafunga. Na mzio huu ni mjanja: unaweza kupaka mara kumi salama, ya kumi na moja ikakuangusha.

Huko Marekani mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope iitwayo Lash Lure, yenye kemikali za aina hii. Iliwaumiza wanawake, mmoja wao akapofuka. Mambo kama hayo yalichangia kuzaliwa kwa sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Lakini mnajua nini? Rangi za nywele zenyewe zikapewa msamaha. Ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa bila masharti mengine, mradi tu zibandikwe onyo na maelekezo ya kujipima kwanza. Yaani kazi ya ulinzi akaachiwa mteja na kikaratasi chake.

Na kwetu pwani? Ile piko nyeusi wanayochorwa maharusi mikononi, Mombasa, Zanzibar mpaka Dar, mara nyingi ni rangi hiyo hiyo ya nywele, yenye PPD, inapakwa juu ya ngozi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu PPD kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Bibi harusi akipata mzio wa piko leo, anaweza kuja kuvimba vibaya siku atakapopaka rangi nywele miaka mingi baadaye. Hina ya majani haina tatizo hilo. Weusi wa haraka haraka ndio wa kutilia shaka.

Kwa hiyo lile jina la 1909, Zisizo na Madhara, lilikuwa ahadi kubwa kuliko kilichokuja kuwemo ndani ya makopo.

KILICHOMO NDANI YA MTU

Nilisema Schueller aliwaza sana habari ya uchumi. Aliandika vitabu kuhusu mishahara, alitaka mfanyakazi alipwe kulingana na kinachozalishwa. Hilo halina ubaya. Tatizo ni watu aliowachagua kutembea nao.

Miaka ya 1930 Ufaransa ilikuwa inatokota. Kulikuwa na kundi la siri la mrengo wa kulia lililoitwa na watu La Cagoule, likiongozwa na Eugène Deloncle. Kundi hilo lilitaka kuipindua serikali, liliweka silaha, liliua watu na mwaka 1937 lilitega mabomu Paris. Schueller alikuwa mmoja wa waliolisaidia kwa hela.

Ujerumani ya Hitler ilipoiteka Ufaransa mwaka 1940, Deloncle alianzisha chama kingine, MSR, cha kushirikiana na wavamizi. Schueller akawa mmoja wa vigogo wake upande wa uchumi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1941, masinagogi ya Wayahudi jijini Paris yalilipuliwa, na watu wa Deloncle ndio waliohusika. Mchango wa Schueller ulikuwa pesa na fikra, si mabomu. Lakini pesa ndiyo inayolisha kundi.

Vita ilipokwisha alichunguzwa kwa ushirikiano na adui. Walitokea mashahidi wa kumtetea, wakasema aliwahi pia kuwasaidia Wayahudi na wapiganaji wa upande wa ukombozi. Mmoja wa waliomsemea vizuri ni kijana François Mitterrand, ambaye baada ya vita alifanya kazi kwa muda kwenye gazeti la urembo la Schueller, na mwaka 1981 akaja kuwa rais wa Ufaransa. Schueller akanusurika. Kampuni ikaendelea kukua kama vile hakuna kilichotokea.

Alifariki tarehe 9 Agosti 1957, akiwa na miaka 76. Mtoto wake pekee, Liliane Bettencourt, alirithi, na alipofariki Septemba 2017 alikuwa anahesabiwa mwanamke tajiri kuliko wote duniani. Ila mambo ya zamani hayakukaa kimya. Jacques Corrèze, aliyekuwa mtu wa karibu wa Deloncle, alipewa ajira na kampuni baada ya kutoka jela, akapanda mpaka kuongoza biashara yake Marekani. Mwaka 1991 historia yake ya wakati wa vita ilifumuka, akajiuzulu, na akafa mwaka huo huo. Yaani miaka zaidi ya 40 baada ya vita, mizizi ilikuwa bado inachomoza. Aliyewahi kupaka rangi mvi anajua: unywele unakua kama sentimita moja kila mwezi, na unachomoza na rangi yake ya asili.

SASA TUFANYEJE?

Sisemi msipake rangi. Wala sisemi Schueller hakuwa na akili, maana kijana mwenye faranga 800 na kitanda cha kukunja kufika pale ni somo kwa sisi tuliomaliza shule tukakaa mtaani bila ramani. Ninachosema ni kwamba jina zuri juu ya kopo halikuambii kilichomo, iwe kopo la rangi au mtu maarufu. Fungua, soma, jaribu kwanza.

Kwa wale wanaopakana nyumbani, haya ni ya bure kabisa:

Siku mbili kabla, paka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kama kikaratasi kinavyoelekeza, ukae saa 48. Ukiwashwa au ukivimba, achana nayo, hata kama umeshailipia. Fanya hivyo kila mara, si mara ya kwanza tu.

Kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa piko, rangi yenye PPD haikufai.

Vaa glavu. Paka mafuta ya mgando pembeni mwa paji la uso na masikio ili rangi isishike ngozi. Tumia bakuli la plastiki au kioo, si la chuma.

Ukishachanganya, tumia yote au mwaga. Usiifungie kwenye chupa, gesi inajaa na chupa inaweza kupasuka.

Usipake kwenye nyusi wala kope hata siku moja. Kumbuka yule dada wa 1933.

Kama umeweka dawa ya kulainisha nywele, subiri angalau wiki mbili ndipo upake rangi. Vyote viwili vinaushambulia unywele, ukiviweka pamoja zinakatika.

Ukirudia, paka mizizi tu. Nywele zilizokwisha kushika rangi hazihitaji kuteswa tena.

Na ukivimba uso au kupumua kwa shida, osha kichwa kwa maji mengi na kimbia hospitali, usisubiri asubuhi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kampuni ikiwa na mwanzilishi mwenye historia kama hii, mteja wa leo inamhusu au haimhusu? Na walioumizwa na piko, semeni hapo chini ili wenzenu wajue. Matusi hapana, hoja ruksa.